Makro Isiyochagua Laptopu: Hesabu za Kata Zifanye Kazi Popote

*Mada iliyotolewa kwenye mafunzo ya vijana, Kata ya Igoma, Nyamagana. Wengi mmeiomba baada ya semina, kwa hiyo tumeiweka hapa karibu kama ilivyozungumzwa.*



Mwenyekiti wa kata, viongozi wa matawi, akina mama mlioamua kukaa nasi vijana leo, na nyinyi mliotoka Kishiri, Buhongwa na Nyakato, asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi. Najua mada yangu haina vuvuzela. Mtu akisikia "makro za Excel" anaona afadhali arudi stendi akanywe chai na chapati. Naomba mnivumilie. Hili ni jambo la siasa kuliko hotuba nyingi tunazopiga jukwaani.

Kabla ya kuanza nimepita kwenye meza zenu. Laptopu zilizokuja leo ni saba. Mbili zina Excel ya 2007. Moja ya 2010. Mbili za 2016. Moja ina Microsoft 365, ile ya kulipia kila mwezi, na mwenyewe anasema inalipiwa na ofisi ya mjomba wake. Ya saba haina Excel kabisa, ina LibreOffice, ambayo ni ya bure. Simu sijazihesabu. Hiyo ndiyo hali halisi ya chama chetu kwa upande wa vifaa, na haitabadilika kesho. Hakuna mtu atakayetuletea laptopu mpya za aina moja kwa kila tawi.

Kwa wale ambao neno ni geni: makro ni maelekezo unayoyaandika mara moja ndani ya faili la hesabu, ili kompyuta ifanye yenyewe kazi ya kurudiarudia. Badala ya kufungua mafaili ya matawi kumi na mawili na kunakili namba moja moja mpaka macho yanauma, unabonyeza kitufe, makro inayafungua, inajumlisha, inakuonyesha penye kasoro. Kwenye Excel maelekezo hayo yanaandikwa kwa lugha inayoitwa VBA, iliyoingia Excel mwaka 1993. Tangu hapo yamekuja matoleo mengi, na kila toleo limekuja na vitu ambavyo la nyuma yake halivijui. Shida inaanzia hapo: anayeandika makro mara nyingi ana toleo jipya, na anayetegemewa kuitumia ana la zamani.

Kwa nini hili ni la siasa

Wapo watakaosema, "Kamanda, tengeneza kituo kimoja mjini, weka kompyuta kumi nzuri za aina moja, basi." Hilo lilishajaribiwa. Uchaguzi wa Oktoba 2015, polisi waliingia kwenye vituo vya CHADEMA vya kukusanyia matokeo jijini Dar es Salaam, wakakamata vijana na kuchukua kompyuta. Wanane walifikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, sheria ambayo ilikuwa imeanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Siku chache baadaye wakaingia na kwenye kituo cha waangalizi wa asasi za kiraia, wakakamata watu zaidi ya 30 na kubeba vifaa. Wale waangalizi hawakuwa hata na mgombea.

Funzo la 2015 ni hili: hesabu iliyokaa chumba kimoja inaondoka na gari moja. Ikikaa kwenye laptopu arobaini, kila kata na yake, haibebeki. Lakini laptopu arobaini maana yake ni matoleo ya kila aina. Ndiyo maana nasema suala la makro kufanya kazi kwenye matoleo tofauti si la kiufundi peke yake. Tukishindwa hapo, tunarudi kwenye chumba kimoja.

Na mwaka 2020, siku za kuelekea kupiga kura, Twitter na WhatsApp vilibanwa nchi nzima. Kwa hiyo faili letu lisidai intaneti hata kidogo. Lihame kwa flashi, kwa mkono, kwa bodaboda, kwa boti ya Ukerewe ikibidi.

Nisieleweke vibaya kuhusu sheria. Mwenye mamlaka ya kutangaza matokeo ni Tume na wasimamizi wake. Sisi hatutangazi. Sisi tunajumlisha nakala za fomu ambazo mawakala wetu wamepewa vituoni, ili tujue kilichoandikwa kituoni na kilichosomwa kwenye jimbo kama ni kitu kimoja. Matokeo ya urais, kwa Katiba ya 1977 Ibara ya 41(7), yakishatangazwa na Tume hakuna mahakama inayoruhusiwa kuyachunguza. Ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu. Na mkienda Mahakama Kuu, jaji hataki kusikia "tuliibiwa". Anataka fomu, kituo kwa kituo, namba kwa namba.

Jirani zetu wameshatuonyesha. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais, na sehemu kubwa ya hoja ilikuwa fomu na jinsi zilivyosafirishwa na kujumlishwa. Mwaka 2022 tume yao ikaweka picha za fomu 34A za vituo vyote, zaidi ya 46,000, mtandaoni, na kila mwenye bando na subira akajumlisha mwenyewe. Sisi hatuna hiyo huduma. Tuna mawakala na tuna laptopu saba.

Kwanza: pika kwa sufuria ndogo kuliko zote

Kanuni ya kwanza ni rahisi kuitamka na ngumu kuishika: andikia laptopu ya zamani kuliko zote mezani. Usiandikie yako.

Mfano. Excel mpya zina fomula inaitwa XLOOKUP. Tamu sana, unaitafutia namba ya kituo inakuletea kura zake. Lakini haipo kwenye 2007, haipo 2010, haipo 2016, wala 2019. Ipo 2021 na 365. Vivyo hivyo IFS na TEXTJOIN, hazipo kabla ya 2019. Kazi ileile unaweza kuifanya kwa INDEX na MATCH, ambazo zipo kila mahali mpaka LibreOffice. SUMIFS na IFERROR zilikuja na 2007, kwa hiyo hapa kwetu ziko salama.

Na angalieni hatari yake. Faili lenye fomula mpya likifunguliwa kwenye Excel ya zamani, halisemi "siwezi" palepale. Linaonyesha jibu la mwisho lililohifadhiwa kwenye laptopu iliyotoka. Unaona namba, unadhani ni hesabu ya sasa, kumbe ni ya juzi. Siku inapolazimika kukokotoa upya ndipo inakuandikia #NAME?. Namba ya juzi inayojifanya ya leo ni mbaya kuliko kosa linalopiga kelele.

Pili: jua faili lako lina mkia gani

Faili la mtindo wa zamani, lenye mkia wa .xls, linaishia mstari wa 65,536. Kuanzia 2007, .xlsx na .xlsm zinafika mstari wa 1,048,576. Uchaguzi wa 2020 ulikuwa na vituo vya kupigia kura zaidi ya 80,000 nchi nzima. Ukiweka kila kituo mstari mmoja kwenye .xls, vituo zaidi ya 14,000 havina pa kukaa. Hiyo si mikoa mizima?

Msidhani haya ni mambo ya watu maskini. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, Uingereza, pamoja na fedha zake zote, ilishindwa kuhesabu wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 kwenye taarifa zake za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuwa yanapakiwa kwenye faili la .xls, lilipojaa, mistari iliyobaki ikaachwa nje. Waliokuwa wamekaa na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Kosa la mkia wa faili likawa suala la afya za watu.

Na kumbuka: .xlsx haibebi makro. Ukihifadhi faili lako la makro kwa mkia huo, kesho unafungua, vitufe vipo, kazi hakuna. Faili lenye makro liwe .xlsm.

Tatu: chombo cha kubebea jumla kiwe kikubwa

Ndani ya VBA, unapotaja kikapu cha kuwekea namba unasema ni cha aina gani. Vijana wengi wanaojifunza mtandaoni wanaandika Integer. Integer ya VBA inaishia 32,767. Kwa kituo kimoja inatosha kabisa. Kwa kata inaweza kutosha. Kwa jimbo kama Nyamagana haitoshi, na jimbo ndilo tunalolitaka.

Ikifurika, Excel inasimama na kuandika Overflow. Hapo umepona, kwa sababu umejua. Lakini kuna mstari mmoja ambao vijana wanaupenda: On Error Resume Next. Maana yake, "ukikuta kosa, ruka, endelea". Sasa changanyeni hayo mawili. Jumla imefika 31,900. Inakuja kata yenye kura 1,200. Ingekuwa 33,100, haiingii kwenye kikapu, makro inaruka. Inakuja kituo chenye kura 400. Jumla inakuwa 32,300. Inaingia vizuri. Mwisho unapata namba nzuri, haina rangi nyekundu, haina kelele, na kata nzima haimo. Mgombea wako anasimama mbele ya waandishi na namba hiyo.

Dawa ni neno moja: badala ya Integer andika Long, ambayo inafika zaidi ya bilioni mbili. Inafanya kazi kwenye matoleo yote. Na ule mstari wa kuruka makosa usiutumie, au uutumie kwa mstari mmoja tu unaojua kwa nini, kisha uufunge. Makro inayoficha kosa haina tofauti na wakala anayesaini fomu bila kuisoma.

Nne: usiulize umri, uliza uwezo

Kuna tabia ya kuandika makro inayouliza, "Wewe ni toleo gani?" kisha inaamua. Wazo si baya, ila lina mtego. Excel 2007 inajibu 12, ya 2010 inajibu 14, ya 2013 inajibu 15. Lakini 2016, 2019, 2021 na 365 zote zinajibu 16. Kwa hiyo jibu la 16 halikuambii kama XLOOKUP ipo au haipo. Ni kama kumuuliza mtu "una miaka mingapi?" ukitaka kujua kama anaweza kuogelea. Mtupe kwenye maji ya kina kifupi uone: ijaribu fomula kwenye kisanduku kimoja pembeni, ikirudisha kosa, tumia njia ya zamani.

Hapohapo kuna suala la biti 32 na 64. Office ya biti 64 ilianza na 2010. Makro za zamani zinazoita moja kwa moja vitu vya ndani ya Windows zinagoma kwenye biti 64 mpaka uongeze neno PtrSafe, na 2007 nayo hailijui neno hilo. Kuna namna ya kuandika zote mbili kwa kutumia #If VBA7. Ushauri wangu kwa kazi ya kata: usiziite kabisa. Kujumlisha kura hakuhitaji kuingia uvunguni mwa Windows.

Tano: usimfunge fundi kwa jina

Ukitaka makro yako imwite Word akuandikie barua, au Outlook akutumie barua pepe, ukimchagua kwenye orodha ya marejeo, Excel inashika toleo ulilonalo. Faili likienda kwenye laptopu ya zamani, toleo hilo halipo, inaandika MISSING. Kibaya zaidi, makro nzima inagoma, hata zile sehemu za kukata herufi tu ambazo hazihusiani na Word. Ni kama kusema nyumba haijengwi mpaka aje fundi fulani, wakati kijiweni wamejaa. Tumia CreateObject. Hiyo inasema, "niletee Word yoyote iliyopo hapa." Na kama hayupo, makro iseme hayupo, iendelee na hesabu.

Sita: tarehe, njia ya faili, na kurekodi

Hizi nazipitia haraka kwa sababu zinafanana.

Tarehe 03/04 ni Aprili 3 kwako. Kwa laptopu iliyotoka dukani na mipangilio ya Marekani ni Machi 4. Weka siku, mwezi na mwaka kwenye safu tatu tofauti, kisha ziunganishe kwa DateSerial. Hapo hakuna ubishi.

Njia ya faili: ukiandika ndani ya makro kwamba faili lipo kwenye C, kwenye folda la jina lako, litafanya kazi kwako tu. Andika ThisWorkbook.Path, maana yake "popote nilipo mimi". Mafaili ya matawi yakae folda moja na faili mama, yahame pamoja.

Makro ya kurekodi: kurekodi ni njia nzuri ya kujifunza, si ya kupeleka vijijini. Inakumbuka ulipokuwa umebonyeza, haikumbuki ulichokusudia. Mwenzako akiwa kwenye shiti nyingine, inafuta shiti nyingine. Taja shiti kwa jina kila unapoiita.

Saba: hesabu isimame hata makro ikifa

Hii ndiyo nataka muondoke nayo kama mtasahau zote. Excel ya kwenye simu haiendeshi VBA. Ya kwenye kivinjari nayo haiendeshi. WPS ya bure kwa kawaida haina. LibreOffice inaelewa sehemu ya VBA ukiweka mstari wa Option VBASupport 1 juu, lakini si yote. Kwa hiyo faili ligawanyike vipande vitatu.

Shiti ya kwanza ni ghafi: kile kilichoandikwa kwenye fomu, kama kilivyo. Kituo kimoja mstari mmoja, bila kuunganisha visanduku, bila mapambo. Hapo hakuna anayesahihisha kwa akili yake.

Shiti ya pili ni fomula za kawaida tu: jumla ya kata, jumla ya jimbo, na ukaguzi. Kura halali jumlisha zilizoharibika lazima ziwe sawa na kura zilizopigwa. Zilizopigwa zisizidi waliojiandikisha. Kituo kisijirudie mara mbili. Hii ifanye kazi mahali popote, hata kwenye simu.

Ya tatu ndiyo makro: kukusanya mafaili ya matawi na kupaka rangi penye kasoro. Inapaka rangi, hairekebishi. Kama fomu ina kosa la msimamizi, kosa hilo ni ushahidi. Makro yako ikilinyoosha, umefuta ushahidi kwa mkono wako.

Makro ikigoma, unarudi kunakili kwa mkono, usiku unakuwa mrefu, lakini hesabu ipo.

Hapa Igoma hatuhitaji mtu wa kutufundisha maana ya orodha isiyokamilika. Makaburi ya ndugu zetu wa MV Bukoba yapo hapa. Meli ile ilizama Mei 21, 1996 ikiwa inakaribia Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, wale wa nauli ndogo, hawakuwa nayo. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliofariki inatajwa hivi na vile. Silinganishi msiba na shiti ya Excel, Mungu apishe mbali. Nasema kitu kimoja tu: ambacho hakikuandikwa mwanzoni, hakuna programu ya kukirudisha. Na wanaokosekana kwenye orodha huwa ni walewale wa daraja la tatu. Kituo cha kisiwani, kituo cha mwisho wa barabara, wakala asiye na bando. Ghafi kwanza.

Usalama: usifundishe watu kubonyeza ovyo

Tangu 2022 Microsoft imeanza kuzuia makro kwenye mafaili yaliyotoka intaneti. Utaona utepe mwekundu, hauna kitufe cha kukubali. Ni jambo jema. Virusi vingi vinasafiri kwa njia hiyo. Kuliondoa zuio unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia, unaingia Properties, unaweka tiki kwenye Unblock. Ila nawasihi: msitangaze kwenye kundi la WhatsApp kwamba "kila faili la chama ondoeni zuio". Siku hiyohiyo mtu mwingine atatuma faili lenye jina la chama. Faili la makro lipokelewe mkono kwa mkono, kutoka kwa mtu unayemjua sura, na kila kata ijue ukubwa wake na tarehe yake.

Na daftari la wanachama, lenye majina na namba za simu, lisikae faili moja na hesabu za kura. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mbali na sheria, kuna mwanachama ambaye kazi yake ipo halmashauri na hataki jina lake lizagae. Amekuamini.

Kujaribu

Chukueni vituo kumi vya kubuni. Jumlisheni kwa kalamu na karatasi, watu wawili tofauti, mpaka wakubaliane. Kituo kimoja kipeni kura 40,000, hata kama haiwezekani, ili kikapu kidogo kiumbuke mapema. Kingine kirudieni mara mbili. Kingine kiwe na kura nyingi kuliko waliojiandikisha. Kisha endesheni faili kwenye laptopu ya zamani kuliko zote, mpya kuliko zote, na ile ya LibreOffice. Jumla ikilingana na karatasi kwenye zote tatu, na kasoro zote zikapakwa rangi, faili limefaulu. Ikipishana hata kwa kura moja, halitoki hapa. Msiseme "ni moja tu". Hiyo moja imetoka mahali, na ilikotoka zinaweza kutoka elfu.

Faili likishafaulu, lifungieni toleo: andikeni tarehe kwenye jina lake. Asitokee fundi wa usiku wa manane, siku mbili kabla, akaongeza urembo.

La mwisho, linatuhusu sisi

Nimesikia kamanda mmoja akinong'ona, "Mageuzi hayajaja, uchaguzi wenyewe hauaminiki, tunajumlisha nini?" Swali ni la haki, sitalipiga teke. Jibu langu: kazi hii haisubiri siku ya kura. Michango ya matawi inaandikwa wapi? Wanachama waliolipia kadi wako wangapi, na kata ikiulizwa leo inatoa namba ngapi tofauti? Uchaguzi wa ndani ya chama unapofika, wajumbe halali wanajulikana kwa orodha ipi? Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hatuwezi kumdai mwenye nchi vitabu safi wakati vya kwetu vipo kwenye laptopu ya mtu mmoja ambaye akisafiri kwenda Geita kata nzima inalala.

Nyamagana hii, mwaka 2010, ilimng'oa aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Haikuwa kwa laptopu, ilikuwa kwa watu waliokaa vituoni mpaka karatasi ya mwisho ikabandikwa ukutani. Makro haichukui nafasi ya watu hao. Inahakikisha tu kwamba walichokilinda usiku kucha hakipotei kwenye meza ya mtu aliyeandika Integer.

Kazi za wiki hii: kila tawi lilete kwa katibu wa kata orodha ya laptopu zake, toleo la Excel, na kama ni biti 32 au 64. Matawi matatu, nitawataja baada ya chai, yatajaribu faili la mfano. Na kila kijana mwenye ujuzi amchukue mmoja asiyejua, hasa dada zetu wa mawakala, amfundishe kujaza shiti ghafi. Makro baadaye.

Haki!